Sahani Iliyorudi Jikoni

KINYOZI: Haloo? Ni nani mwenzangu?

FUNDI BOMBA: Nani! Kaka yako wa tumbo moja! Hiyo sindano yao imekula na akili?

KINYOZI: Shikamoo, kaka. Kioo cha simu kimepasuka, sikuona jina. Nina mteja kitini, nimemnyoa nusu—

FUNDI BOMBA: Marahaba. Na mimi niko chini ya sinki la watu, nimelala chali. Jana ulimfanya nini mama?

KINYOZI: Sikumfanya kitu.

FUNDI BOMBA: Kachambua maharage tangu asubuhi, wewe unasukuma sahani kwa kidole kama umeona mende!

KINYOZI: Sikuwa na njaa. Nilimweleza, ni utafiti. Kila wiki wanatuchoma dawa ya kupunguza hamu ya—

FUNDI BOMBA: Watu wazima, wenye afya zao! Wenzenu wanatafuta chakula cha kutuliza njaa, nyinyi mnapanga foleni mkachomwe sindano ya kuiua.

KINYOZI: Wanakulaza kwenye mashine, kaka. Wanakuonyesha picha za vyakula, wanatazama ubongo unashtuka vipi.

FUNDI BOMBA: [anacheka] Baba mzima na ndevu zake anaonyeshwa picha ya kuku! Ubongo wako ukafanyaje?

KINYOZI: Haukufanya kitu.

FUNDI BOMBA: Hilo ningewaambia bila mashine.

KINYOZI: Mtandao unakata—

FUNDI BOMBA: Haukati, unakimbia wewe! Mama hajala tangu jana. Anasema mkono wake umezeeka, hata mwanawe anaukinai. Leo hakuwasha jiko. Sasa sikia: sindano unaacha, jioni unakuja kula. Hata ukiona ni udongo, tafuna!

KINYOZI: Zimeshaisha, kaka. Asubuhi wamefungua bahasha yangu ya majibu. Kuna waliochomwa dawa, kuna waliochomwa maji tu, ili walinganishe.

FUNDI BOMBA: Na wewe?

KINYOZI: Maji.

[Tone linaanguka kwenye ndoo.]

FUNDI BOMBA: Maji. Wiki nane umekonda kama ufagio, kwa maji?

KINYOZI: Hata wao wameshangaa. Wakaniuliza, nyumbani unaishi na nani?

FUNDI BOMBA: Si ungewajibu! Mke na watoto wawili, kuna hesabu gani hapo?

KINYOZI: [anazima mashine ya kunyolea]

FUNDI BOMBA: Wee! Haloo?

KINYOZI: Jana mama aliniuliza, mbona hukuja nao? Ndipo nikasukuma sahani. Walishaondoka, kaka.

FUNDI BOMBA: ...Tangu lini?

KINYOZI: Kabla ya sindano ya kwanza.

FUNDI BOMBA: Na ukaenda kujiandikisha kama mtu mwenye afya! Mpumbavu wewe. Mpumbavu aliyethibitishwa na mashine! Ndugu unaye, mama unaye, unaenda kuwaonyesha wageni ubongo!

KINYOZI: Kaka, salio litaku—

FUNDI BOMBA: Nimepiga mimi, bwege, liishe! Mmalizie huyo mtu nusu yake, ufunge. Nakupitia sasa hivi.

KINYOZI: Na sinki la watu?

FUNDI BOMBA: Nimeweka ndoo.

KINYOZI: Nikifika nikashindwa kula je? Mama ataona tena—

FUNDI BOMBA: Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla sahani haijaja. Mimi nitakuwa hapohapo nakutukana. Halafu tutaanza na kijiko kimo—

KINYOZI: Haloo? Kaka? [mlio wa simu iliyokatika] ...Samahani, mzee. Inamisha kichwa kidogo, tumalize.