Bi Hyasinta na Swichi ya Stoo ya Chini

Bi Hyasinta Komba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kuutunza mtandao wa jengo letu la maduka hapa Kariakoo. Nimeambiwa niandike mimi, Bakili, kwa sababu waya zote za jengo hili nimevuta mimi. Zote. Wasomi wamekuja wakaondoka, waya zangu zipo.

Alitokea Songea, mpole wa sura, mkali wa kazi. Wiki ya kwanza tu alinifungulisha dari nzima kisa waya mmoja umepinda. Nilinuna. Nikavuta upya, ukanyooka kuliko wa benki.

Kazi yake kubwa ni ya mwaka juzi, zilipoletwa swichi mpya za kampuni nyingine. Swichi ni kile kisanduku kinachogawa mtandao madukani, na kila kimoja humtangazia jirani yake: mimi fulani, nipo tundu hili. Sasa zile za zamani zilitangaza kwa lugha ya kampuni yao tu, mpya kwa lugha ya wote. Hazikusikizana. Kwenye ramani ya kompyuta, za zamani zikapotea. Injinia wetu Filbert akaona waya wa ghorofa ya tatu hauna mtu upande wa pili, akaushika aung'oe. Bi Hyasinta akampigia kelele:

"We Filbert, toa mkono! Yupo huyo, humsikii tu!"

Wauza vitenge walitoka nje kwa kelele zile. Waya huo ulibeba mashine za malipo za ghorofa nzima.

Basi Bi Hyasinta akazipima lugha zote mbili. Ya kampuni inaeleza mengi, ila kwa ndugu zake tu. Ya wote inaelewana na kila kisanduku. Akachagua ya wote, akaiwasha kila ilipokubali. Kwenye matundu ya wapangaji akazima zote mbili, mgeni asipate kuchungulia mambo ya ndani.

Ila sifichi, roho yangu haijatulia. Swichi ya stoo ya chini haiijui lugha ya wote, na mbadala haujanunuliwa. Kwenye ramani haipo, na kamera zote za geti zinaitegemea. Akiondoka, nani atamzuia mtu mkono? Nilimwuliza. Akacheka: "Mzee Bakili, sauti yako si inafika mpaka Ilala?"

Kweli inafika. Nimeshahamishia kiti changu stoo, na atakayeugusa waya ule atanijua.

Asante sana, mama. Kapumzike salama, ule, ulale, ucheze na wajukuu. Lakini simu hiyo, tafadhali, usiizime.