Mgomba wa Enoka

Kijiwe chetu kipo Kamunyonge, nje ya saluni ya Isaya, kinyozi tunayemwita Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa kujibu swali, hata lile asilolijua. Kuna benchi moja, birika la Mwandu muuza kahawa juu ya jiko la mkaa, na ndani ya saluni kuna runinga ambayo kila jioni hutuonyesha tamthilia ya mtoto aliyepotea stendi. Ijumaa hiyo asubuhi Baltazar alikuja akakaa mwisho wa benchi, na sote tulijua kesho yake ni siku gani. Mwanawe Enoka aliingia ziwani kuvua dagaa na mjomba wake, likizo ya Desemba, miaka imepita sasa. Mtumbwi ulipatikana, mjomba akapatikana maiti, Enoka hakupatikana. Kwetu, mtu akimezwa na ziwa na mwili usionekane, ukoo hukata mgomba, ukaufunga shuka, ukauita jina lake, ukauzika kama mtu. Baltazar alikuwa akikataa kila mwaka. Wiki hiyo ndipo alipokubali: Jumamosi, nyumbani Bukima. Basi kabla hajafika tukapatana kwamba hakuna kumgusia habari za mwanawe, tuzungumze mambo mepesi tu. Tukazungumza tamthilia. Ndiyo akili zetu zilipofika.

Wakili akaanza, wembe mkononi na mteja hana.

— Mimi jana sijalala. Yule mtoto wa fulana nyekundu pale stendi, kampa mama yake mgongo. Mama anamwita. Mtoto anataka kugeuka, wakakata.

— Ndiye huyo, akasema Gaudensia, muuza furu, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga, ambaye tunamwita Redio ila yeye hana kitufe cha kuzimia. Mama anajuaga mgongo wa mwanae. Huwezi kumdanganya.

— Siyo yeye, nikasema mimi. Watatuzungusha mpaka mwaka uishe. Wale watu wanakulaga kwa machozi yetu.

— Wewe unabishaga kila kitu, Redio akanijibu. Juzi ulisema yule baba wa kambo ni mtu mzuri.

— Nilisema anavaa vizuri.

Mwandu akamimina kahawa. Baltazar alipokea kikombe chake, hakukinywa. Tukafurahi kwamba angalau anasikiliza.

— Sikiliza sasa, Wakili akasema. Yule mtoto hajapotea, kapotezwa. Alipigwa kichwa ile siku ya kwanza, mliona? Kichwa kikipigwa, kumbukumbu inatoka. Anaishi tu, anakula, anacheza mpira, hajui kwao.

Hapo Baltazar akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

— Inawezekana?

— Mzee wangu, kabisa. Inatokeaga sana.

— Anasahau hata jina la baba yake?

— Hilo ndilo la kwanza kutoka.

Sijui Wakili alisomea wapi. Lakini alilisema kwa sauti ya daktari, na Baltazar akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa dozi.

Redio naye hakutaka kuachwa nyuma.

— Mimi naona kuna tajiri asiyezaa. Kamchukua, kambadilisha jina, anamsomesha shule nzuri. Siku moja mtoto atarudi na gari, wazazi wenyewe hawatamjua.

— Na lugha? akauliza Baltazar. Akikaa na watu wengine, lugha ya nyumbani inabaki?

— Inabakia kidogo, Redio akasema. Ukimwimbia wimbo wa utotoni, anashtukaga.

— Mimi nawaambia wamemvusha mpaka, akadakia Mwandu, ambaye kwa kawaida husema bei tu. Yupo upande wa pili, anafanya kazi kwa watu. Simu hana. Angekuwa na simu angepiga.

— Angepiga, akasema Baltazar. Namba yangu alikuwa anaijua kwa kichwa.

Nilisikia, na bado sikuelewa. Nilikuwa nimeshaandaa hoja yangu, kwamba yule mtoto kafichwa na mama yake mwenyewe, na sikutaka inipotee. Baltazar akamgeukia Mwandu.

— Mtumbwi ukipinduka karibu na wavuvi wa upande wa Kenya, wakamwokota, si wataenda naye kwao?

— Wataenda naye, Mwandu akasema.

Redio akaweka chini sahani ya furu.

— Baba Enoka, akasema taratibu. Kwenye tamthilia hakuna ziwa.

Wakili aliufunga wembe wake. Niliona aibu nikatazama viatu vyangu, lakini aibu ya saa ile haikumfaa mtu yeyote.

— Najua, akasema Baltazar. Jana walipokata kabla mtoto hajageuka, nilitoka hapa sikuaga. Nilienda kupiga simu Bukima. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa, nikaacha ujumbe. Nimesema wasikate mgomba. Asubuhi nimekuja kuwasikiliza, nijue kama nimekosea. Naona nyie wote mnasema anaishi.

— Mzee, Wakili akasema, sisi tulikuwa tunaongelea...

— Umesema inatokeaga sana.

Wakili hakumaliza sentensi yake. Mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Ndipo ikaingia pikipiki yenye tope hadi kwenye taa. Aliyeshuka hatukumjua, ila Baltazar alisimama, maana alikuwa Nyamburi, mdogo wake wa kutoka Bukima. Alisalimia benchi zima kwanza, kwa heshima, kofia ya pikipiki kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Kaka, ujumbe wako nimeuona leo asubuhi, nilipowasha simu. Tulikuwa tumeshaukata jana jioni. Wazee wameshaufunga shuka, wameshauita jina.

Nyamburi akaendelea.

— Shemeji Selestina, mama Enoka, yupo na mgomba ndani, kwenye mkeka. Unajua tangu mtoto apotee yule mama hajatoa chozi, tulikuwa tunamwogopa. Jana alipousikia unaitwa Enoka, akaukumbatia akalia mpaka sauti ikakauka. Hataki tumtoe. Kaburi limechimbwa. Nimewaambia wazee kaka amesema tusizike. Wanasema haijawahi kutokea.

Alitutazama mmoja mmoja, sisi watu wa mjini.

— Mwulizeni kaka yangu, au mniambie nyie. Ukishaitwa jina la mtoto hatuwezi kuutupa, na kulala tena ndani haufai. Sasa tuuweke wapi?

Redio alijifunika mdomo kwa khanga. Mwandu akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha matupu, akalirudisha jikoni bila kusema kitu.

Baltazar bado alikuwa amesimama, kahawa yake imepoa mkononi. Hakumtazama mdogo wake. Alimtazama Wakili.

— Yule mtoto wa fulana nyekundu, akasema. Leo jioni atageuka?

Wakili alitazama runinga yake iliyozimwa, akatazama chini. Nyamburi alisubiri kando ya pikipiki, kofia kwapani.