Marehemu Fundi Kimya na Mngurumo wa Kanda Moja

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumetoka tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami naomba mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 4 Januari 1971 akaajiriwa kuwa fundi mitambo katika kituo cha simu, alikofanya kazi miaka thelathini na mitano bila hata onyo moja la kuchelewa.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja, wote wapo hapa. Nyumbani, juu ya meza ya chakula ambayo shemeji alishakata tamaa ya kuidai, aliunda amplifaya za taa, yaani vikuza sauti vyenye balbu za kioo, na jina la Fundi Kimya alilipata kwa sababu amplifaya yake ukiiwasha hujui imewaka mpaka uone mwanga, kwani nyaya za umeme wa kuwasha balbu hizo alizisokota mbilimbili akazilaza pembeni kabisa, na nyaya za sauti akazipitisha mbali nazo, maana zikikaribiana tu sauti inaanza kunguruma.

Tarehe 14 Agosti 2006, siku moja kabla shemeji hajalazwa kwa upasuaji, marehemu alimrekodi harakaharaka kupitia amplifaya yake, akiimba wimbo aliowabembelezea watoto wao, na shemeji hakurudi tena nyumbani, alifariki tarehe 17. Kanda ile ndiyo pekee yenye sauti yake, nayo ina mngurumo mzito unaomeza maneno.

Hapa naiacha karatasi kidogo. Wanangu, mngurumo ule niliuleta mimi. Asubuhi ile nilikwenda kusaidia, nikaona nyaya chini ya amplifaya zimetawanyika, nikazifunga zote kwa uzi, fungu moja la kupendeza, nikajiona nimefanya la maana, na tulipoisikiliza kanda nikatambua kosa langu, nikaufungua uzi ule kaka akiwa hospitali na shemeji, nikarudisha kila waya mahali pake. Alipokuja kukagua alikuta kazi safi, hakuona kosa, na kwa miaka kumi na saba akaunda amplifaya nyingine sita akitafuta alipokosea, akijilaumu mbele yangu, nami namshikia tochi, nimefyata ulimi.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2022, akalazwa tarehe 29 Januari 2024, na tarehe 5 Februari nilikwenda wodini nimekata shauri kumwambia, nikamkuta amesinzia, nikasema acha alale, nitamwambia kesho. Kesho yake saa tatu asubuhi, kabla ya muda wa kuwaona wagonjwa, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani ambao hawajatuacha wapweke tangu siku ile, na wafanyakazi wenzake wa kituo cha simu waliobeba jeneza.

Kaka, kazi yako haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, basi usitafute tena, pumzika sasa kwa amani.