Bi Ehe, Aliyesikiliza kwa Masikio na kwa Macho

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na nyinyi mliotoka kazini mkiwa bado na sare zenu, familia imemkabidhi kitinda mimba, mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, si kwa kuwa ni msemaji mzuri, maana marehemu mwenyewe alisema huyu ndiye mtu pekee ambaye asingethubutu kumwalika redioni, bali kwa kuwa ndiye aliyekaa naye sana na kusimuliwa mengi, hivyo atayasoma kama alivyoyapokea.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Ehe, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Aprili 1952, katika chumba cha nyuma cha duka la saa la baba yetu, mtaa wa pili kutoka stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na mshona mashati. Baba alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, lakini dukani kulikuwa na benchi la wateja, na tangu akiwa na miaka mitano marehemu alikaa mwisho wa benchi hilo, miguu ikining'inia, akamtazama mteja na kusema "ehe", mteja akaendelea, "ehe", akaendelea tena, mpaka mtu aliyekuja kubadilisha mkanda wa saa akaondoka adhuhuri akiwa amesimulia ndoa zake zote mbili. Baba alilalamika kwamba benchi lile ni la wateja, si la soga, ila hakumwondoa, na mama alituambia kwamba hadithi ikinoga, baba naye aliacha bisibisi hewani.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha sabuni kuanzia Januari 1960 hadi Novemba 1966, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1967 hadi 1970, ambako mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yake kwamba "anauliza maswali mengi kuliko mwalimu", maneno ambayo baba aliyasoma kama malalamiko na marehemu akayasoma kama sifa, na mwaka 1971 akaingia chuo cha uhazili, akajifunza kupiga chapa na hatimkato.

Tarehe 3 Julai 1972 aliajiriwa redioni, si kama mtangazaji, bali kama karani wa maktaba ya kanda, kwenye chumba cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, na huko alikaa karibu miaka mitano akibandika lebo kwenye sauti za watu wengine. Siku ya Jumanne tarehe 10 Mei 1977, mtangazaji wa kipindi cha mazungumzo aliamka sauti imemkauka, hakukuwa na mwingine wa kutumwa, ndipo karani akatwishwa kinasa sauti begani na kupelekwa yadi ya mizigo ya reli, kumhoji mwanamke wa kwanza kuendesha kreni katika yadi hiyo.

Mazungumzo yalikuwa matamu, wote wawili walisahau muda, lakini kanda ilipofika kwa fundi mitambo, kijana mwembamba mwenye wembe mkononi na uso wa mtu aliyedhulumiwa, alihesabu ndani yake "ehe" mia moja arobaini na tatu, akazikata zote, moja baada ya nyingine, akaunganisha kilichobaki kwa utepe wa gundi. Kipindi kikarushwa, na wiki iliyofuata zikaja barua za wasikilizaji wakiuliza kwa huruma kama yule mama wa kreni ana matatizo, mbona anaongea peke yake.

Kwa kipindi cha pili fundi akampa masharti, akamwambia, "Dada, ukitaka kumwitikia mtu, tikisa kichwa. Kichwa hakiingii kwenye kanda." Marehemu akatii, akaenda kumhoji golikipa mmoja wa timu ya kiwanda aliyefungwa mabao kumi na moja mchana mmoja, naye golikipa akaongea dakika nne, akaanza kusitasita, akanyamaza kabisa, mwisho akamuuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, dada, nimekukosea nini?" Hapo ndipo fundi alipoelewa kwamba katika lugha yetu mtu asiyeitikiwa huona amefukuzwa, akainamia ndoo ya takataka, ambayo kwa bahati ilikuwa haijamwagwa tangu kanda ya kwanza, akaokota vile vipande ili avirudishe, akisema "ehe" ni "ehe", popote itakaa. Marehemu akakataa katakata, akavisikiliza kimoja kimoja, hiki cha kushangaa, hiki cha kumhimiza, hiki cha "sikuamini lakini endelea", na kazi ya kurudisha kila kimoja mahali pake ikawachukua wote wawili wiki tatu, ingawa fundi alikiri baadaye kwamba wiki moja ingetosha.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Desemba 1980, na shemeji yetu huyo, aliyekaa pale mbele, ametuomba tusome wazi kwamba yeye ndiye mwanamume pekee aliyeanza uchumba kwa kumkata mwenzake maneno. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1982 na mvulana aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1985, ambaye sasa ni fundi umeme na baba wa watoto watatu.

Kipindi alichokabidhiwa tangu hapo kiliitwa "Kiti cha Pili", na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukosa mgeni, kwa sababu hakuwatafuta wakubwa, aliwatafuta watu waliopigwa na maisha wakasimama, akataka kujua hasa walishika nini waliposimama. Yule golikipa alirudi, akahojiwa upya, na alipoulizwa aliwezaje kuamka Jumatatu baada ya mabao kumi na moja, alijibu, "Nilikuwa na zamu ya saa moja asubuhi, dada. Mashine haikuwa na habari na mpira." Alikuwepo mkunga aliyezalisha akina mama miaka thelathini bila yeye mwenyewe kupata mtoto, alikuwepo mzee aliyejifunza kusoma akiwa na miaka sabini na moja, akieleza kwamba alichoka kubeba cheti cha hospitali bila kujua kinamsema nini. Marehemu alirudi nyumbani na maneno yao, akatugawia mezani, na sisi wadogo zake kila tulipolegea tulikuwa tunaletewa golikipa, mpaka wengine tukamchukia mtu wa watu ambaye hata hatukumwona.

Jumanne tarehe 11 Februari 2003 alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa siku kumi na nane, na tarehe 1 Machi alitoka hospitali akiwa hai, akiwa na akili zake zote, na akiwa hasikii kitu. Daktari alimwandikia kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi, akaisoma, akaikunja mara nne, akaomba apelekwe nyumbani, kipindi kikapewa mtu mwingine, na dada yetu akajifungia katika chumba cha mbele kwa miezi mitatu, akageuza kiti kikatazama ukuta, wageni wakaja na kuondoka na kisogo chake tu. Tunasema wazi, maana ni kweli, kwamba tulimwogopea kuliko alipokuwa wodini, kwa kuwa mtu ambaye kazi yake, furaha yake na nguvu zake zote zilitoka katika kuongea na watu alikuwa ameamua kwamba hataongea na mtu tena. Mdogo wake huyu alijaribu kumwandikia habari ya golikipa, na karatasi ikarudishwa ikiwa na neno moja, "Toka."

Jumamosi tarehe 7 Juni 2003 aliingia yule mama wa kreni, akiwa amestaafu, hakubisha hodi, akisema kumbishia hodi asiyesikia ni kupoteza muda, akakibeba kiti kilichokuwa na mwenyewe juu yake, akakigeuza kikamtazama yeye. Kisha akasimama katikati ya chumba, akainua mkono na kuzungusha kidole juu, akaugeuza chini, akakunja ngumi, akanyoosha viganja viwili, na marehemu, kwa hasira, akamtazama bila kuelewa. Mama yule akageuza kalenda ya ukutani, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, "Pandisha. Shusha. Taratibu. Simama. Miaka ishirini na minane nilikaa juu kwenye kibanda, injini inanguruma, sikusikia sauti ya mtu wa chini hata siku moja, na sikuangusha mzigo. Ulinihoji saa nzima, ukaniuliza kama naogopa, ukaniuliza kama wanaume wananicheka. Hukuniuliza nasikiaje."

Waombolezaji, marehemu alivumilia kupoteza masikio, lakini kuambiwa kwamba aliruka swali, hilo hakuweza kulivumilia. Uso ukambadilika, akanyoosha mkono, akachukua kalamu, na chini ya maandishi yale akaandika swali lake la kwanza baada ya miezi mitatu, "Ulisikiaje?" Mama wa kreni akavuta kigoda, akaanza kumjibu kwa mikono, na walipotoka kuja jikoni ilikuwa saa kumi alasiri na kalenda ilikuwa imejaa mpaka mwezi wa Novemba.

Jumatatu tarehe 8 Septemba 2003, akiwa na miaka hamsini na moja, marehemu aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya viziwi, akakaa kwenye dawati lililomfika magotini, kati ya watoto wa miaka saba ambao walimcheka, wakamsahihisha vidole, wakampa jina la alama, kidole kikigusa kidevu na kichwa kikitikisika mara mbili. Binti yake alikuwa akienda naye kila siku akidai anamsindikiza tu, mpaka akawa anaijua lugha ya alama kuliko mama yake, na leo ni mwalimu katika shule hiyo hiyo. Shemeji yetu naye alijifunza, na alipomwona mkewe akimsikiliza mtu kwa macho, kimya, akiitikia kwa kichwa, alisema, "Nilimwambia mwaka sabini na saba atikise kichwa tu. Amechukua miaka ishirini na sita kunielewa."

Januari 2005 "Kiti cha Pili" kilirudi hewani, sauti ikiwa ni yake ile ile, mgeni akijibu kwa mdomo na binti akigeuza majibu kwa mikono, na mgeni wa kwanza alikuwa mama wa kreni, akaulizwa lile swali lililokuwa limebaki. Aliongoza kipindi mpaka alipostaafu tarehe 30 Aprili 2014, kikiwa kipindi cha elfu moja mia saba arobaini na moja, na watu wengi walimwandikia kwamba kipindi hiki cha pili kilikuwa kizuri kuliko cha mwanzo, jambo ambalo hakulipenda sana, ingawa barua hizo alizihifadhi zote.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua, alitibiwa kliniki kwa miaka miwili, tarehe 2 Juni 2021 akalazwa, na wodini akajua habari za watu wote, muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa bingwa wa mbio, msafishaji aliyesomesha wadogo zake sita, na kwa kila mmoja aliomba kalamu na karatasi. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Juni 2021, saa tisa alasiri, mumewe akiwa ameshika mkono mmoja, na mkono mwingine alikuwa amekataa usishikwe, akisema huo ni wa kuongelea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokubali kuhojiwa wakiwa na sindano mkononi, majirani ambao hawajatuacha tangu Alhamisi, wafanyakazi wenzake wa redio waliokuja na kanda zake, na walimu na wanafunzi wa shule ya viziwi waliokaa safu tatu za upande wa kulia, ambao wameipata historia hii yote kupitia binti ya marehemu, aliyesimama hapa kando tangu mwanzo, kwa sababu alikataa kazi hii ifanywe na mtu mwingine.

Limebaki jambo moja, nalo ni la msomaji. Kwa miaka kumi na minane mdogo huyu wa marehemu hakujifunza lugha ya alama, kila mara alikuwa na shughuli, akamwandikia dada yake vikaratasi, naye dada akasema kwa utani kwamba ameolewa na fundi, amezaa mwalimu, lakini mdogo wake amemfanya sanduku la posta. Alikuwa anatania, ila aliumia, na msomaji alijua kwamba anaumia. Wiki hii mpwa wake amemfundisha sentensi moja, asubuhi nne mfululizo, akimwambia, "Mjomba, vidole vyako ni vigumu, lakini mama angekuelewa."

Basi, binti yetu, shusha mikono upumzike, mjomba wako atamalizia. Msomaji anaiweka karatasi chini, kwa sababu kumwambia dada yake apumzike kwa amani kunahitaji mikono yote miwili.