Hakimu Aliyeipeleka Mahakama Kisimani

Wasifu wa marehemu Zilpah Mbithe Munyao, 1948–1998
Umesomwa na mdogo wake, Mwalimu Kasiva, Garissa, Jumatano tarehe 28 Januari 1998

Kabla programu hii haijapelekwa kwa mpiga chapa, alifika nyumbani mgeni mmoja mwenye adabu nyingi. Aliishauri familia kwamba wasifu uwe mfupi, utaje kuzaliwa, kusoma, kuolewa na kufa, na kesi ya Jelle iachwe maana bado iko kwenye rufaa. Alipewa chai, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Kuzaliwa kutatajwa, kusoma kutatajwa, na kesi nayo itatajwa.

Zilpah alizaliwa tarehe 11 Agosti 1948 huko Migwani, Ukambani, mtoto wa tatu wa Mzee Nzioka na Mama Kalekye. Mama yao alisimulia mpaka uzeeni jinsi binti huyu, akiwa bado mdogo, alivyokataa kuchapwa pamoja na ndugu zake kwa sababu ya sufuria ya maziwa iliyomwagika. Alitaka kwanza kila mmoja aulizwe alikuwa wapi. Baba akauliza kweli, na ikaonekana ni paka. Tangu siku hiyo, baba alipotaka kumchapa mtoto yeyote, kwanza alimtuma Zilpah dukani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Migwani, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, ambako alifukuzwa wiki mbili kwa kumbishia mwalimu mkuu na kurudishwa bila kuomba radhi. Mwaka 1971 aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria. Darasani mwao wanawake walikuwa wa kuhesabika. Alifuzu mwaka 1974, na baada ya mafunzo ya uwakili akaajiriwa kuwa hakimu, akaanzia Kitui na baadaye Machakos.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Benjamin Munyao, afisa wa mifugo, mtu mpole aliyependa ng'ombe kuliko mikutano. Walijaliwa watoto wawili, Syombua na Brian, ambaye nyote mnamwita Brayo. Munyao alipohamishiwa Garissa mwaka 1987, Zilpah aliandika kuomba naye aletwe huku. Wenzake walimcheka. Wakati huo hakimu alitupwa Garissa akiwa amemuudhi mtu, wala hakuna aliyewahi kuiomba. Wakamuuliza amemkosea nani. Akawaambia amemkosa mume wake, basi.

Alikosea mwanzoni, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Mwaka wake wa kwanza alipanga kesi kama alivyozipanga Machakos, na kiangazi cha Jilaal kilipofika, mashahidi hawakuonekana. Akakasirika, akatoa hati wakamatwe. Polisi wakamletea bibi mmoja mfugaji, jina lake Raho, kutoka mbele ya Balambala, mavumbi mpaka kwenye kope. Hakimu alimuuliza kwa ukali kwa nini ameidharau mahakama.

"Mimi sikudharau, walaal," Raho akamjibu kwa lafudhi yake ya Kisomali, akimwita ndugu. "Hii tarehe ilibangwa na nani? Maji ilikwisha, ngamia iliondoka. Mimi nibaki hapo beke yangu nangojea wewe?"

Mkalimani wa mahakama, Bwana Aweys, ambaye yuko nasi leo, anasema Hakimu alimwomba Raho msamaha mbele ya watu wote, akaagiza aletewe maziwa. Kutoka hapo hakupanga tena tarehe bila kumuuliza shahidi mifugo yake itakuwa wapi. Kesi za wafugaji zilisikilizwa baada ya mvua za Gu, watu wakiwa karibu, na za watu wa mjini zikajaza kiangazi. Wakubwa waliokuja kukagua waliliona hilo ni jambo la ajabu, lakini kesi zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo wakanyamaza.

Munyao alifariki mwaka 1990, akazikwa hapa Garissa. Ndugu wa Migwani walimtaka mjane wake arudi nyumbani. Aliwajibu kwamba yuko nyumbani, na wakitaka kumtembelea, mabasi yapo kila siku.

Sasa tunafika kwenye ile kesi.

Mwezi wa Julai 1993, maafisa wawili wa kikosi cha usalama walimkuta Jelle, mtoto wa Raho, akinywesha ngamia kwenye kisima kilicho mbele ya Balambala. Walimtaka kitambulisho. Alisema kiko kwenye mizigo, akaomba aende kukileta. Walimvunja mkono kwa kitako cha bunduki, mbele ya mama yake na wafugaji wengine. Kituo cha polisi alichokwenda kilikataa kuandika malalamiko yake. Jelle akaja Garissa, mkono ukiwa umefungwa kwa shuka, akaingia mahakamani.

"Eeddo," alimwambia Hakimu, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "bolisi wamekataa kuandika. Kama wewe bia unakataa, niambie sasa, nirudi kwa ngamia."

"Kaa chini, Jelle. Sema polepole, ninaandika."

Sheria inamruhusu hakimu kupokea malalamiko kutoka mdomoni mwa raia na kuandaa shtaka mwenyewe. Imeandikwa, na kila wakili ameisoma. Ila hapa kwetu hakuna aliyekumbuka ni lini ilitumika dhidi ya watu wenye bunduki. Zilpah aliitumia, na maafisa wale wawili wakasimama kizimbani.

Mwishoni mwa mwaka huo alikwenda likizo Migwani kumuuguza mama yetu. Aliporudi alikuta hakimu wa muda amekubali ombi la utetezi kwamba kesi isikilizwe tarehe mosi Februari 1994, katikati ya Jilaal. Walijua wanachofanya. Mashahidi wote walikuwa na ngamia, na kisima kile kile ndicho pekee kilichobaki na maji upande huo. Wakikosa kufika, kesi ingetupwa. Alipendekeza tarehe ibadilishwe, utetezi ukakataa katakata. Basi akatangaza kwamba tarehe itabaki ile ile, na mahakama itakwenda kuona mahali pa tukio na kuwasikiliza mashahidi huko huko.

Alipigiwa simu na mkubwa mmoja ambaye familia haitamtaja, kwa kuwa anajijua. Akaambiwa Landrova ya mahakama haina mafuta. Akaambiwa pia njia haina usalama na askari wa kumsindikiza hawapo. Zilpah alimshukuru kwa taarifa, akaenda sokoni kwa Abdimalik, mfanyabiashara wa mbuzi, akaomba nafasi kwenye lori lake. Abdimalik anasema alidhani mama huyu anatania, mpaka alipomwona amekuja na karani, mkalimani, Msahafu na nembo ya taifa imefungwa kwenye kanga.

Nembo ilitundikwa ubavuni mwa lori. Hakimu aliketi kwenye kreti, joho lake jeusi likageuka kahawia kabla ya shahidi wa kwanza kuapa. Washtakiwa walifika na gari lao zuri na wakili wao mwenye tai. Wakili alilalamika kwamba mbuzi wanalia na yeye hawezi kusikika.

"Mbuzi wamekuja kunywa maji, Bwana Wakili, na kisima ni chao," Zilpah alimjibu. "Paza sauti."

Alipaza. Alimbana Raho kwa maswali mengi, akamuuliza mtu asiyejua kusoma anajuaje kwamba ilikuwa Julai.

"Julai mimi sijui," Raho alisema. "Najua mkono ya mtoto yangu. Na wale wawili nawajua, wako hapo, wanaangalia chini."

Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994 Zilpah alitoa hukumu: miaka mitatu kila mmoja. Hawakukaa ndani hata mwezi. Walikata rufaa na kupewa dhamana, wakidai kwamba mahakama ya kisimani haikuwa mahakama, na yote yaliyosemwa pale ni bure. Wiki iliyofuata yeye akapata barua ya uhamisho kwenda mbali kabisa na hapa. Alijibu kwa kujiuzulu. Alifungua ofisi ndogo ya uwakili nyuma ya soko, akawatetea hasa wanawake. Rufaa ilipotajwa Nairobi alipanda basi, akakaa viti vya nyuma, akasikia ikiahirishwa, akarudi. Alifanya hivyo kila mara, kwa miaka mitatu na zaidi.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 1996, na mwaka jana kikafika kwenye figo. Alikuwa akienda Nairobi kusafishwa damu. Mvua kubwa ziliponyesha, mto Tana ukafurika, barabara ikakatika, na safari hizo zikakoma. Wauguzi wa hapa walifanya kila walichoweza, na tunawashukuru. Siku zake za mwisho mdogo wake alimsihi aache kuwaza rufaa. Alifumbua macho kwa hasira ile ile ya sufuria ya maziwa.

"Kasiva, mimi niko karibu kwenda, hawawezi kunifanya kitu," alisema. "Lakini wakisema pale hapakuwa mahakama, wamesema Raho hakusema neno. Wamesema mtu wa huku akitaka kusikilizwa ahame kwanza. Msikubali."

Alifariki Ijumaa tarehe 23 Januari 1998, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Anazikwa leo ubavuni pa mumewe, kama alivyoagiza. Majirani zetu Waislamu walichimba kaburi hili jana wakiwa na saumu, na walikataa hata kusikia habari ya kulipwa. Mungu awatakabalie.

Ameacha mama yake, Mama Kalekye, watoto wake, Syombua na Brian, mkazamwana, Wanji, wajukuu wawili, na ndugu wanne. Familia inamhesabu pia Jelle, ambaye mkono wake wa kushoto haufungi ngumi mpaka leo na ambaye ameshika jeneza kwa ule wa kulia.

Rufaa itasikilizwa Nairobi Jumatatu tarehe 9 Machi. Rufaa haihitaji mashahidi, na hakuna atakayewauliza kitu, lakini Raho amesema atakwenda akae mbele aonekane, na wenzake wa kisimani wamesema hivyo hivyo. Huu ni msimu wa Jilaal, ila mwaka huu maji yako kila mahali, na ngamia wataangaliwa na watoto. Abdimalik ametoa lori. Barabara isipopitika, tutavuka kwa mtumbwi na kupanda gari lingine ng'ambo.

Zilpah apumzike sasa, amechoka na ana haki ya kuchoka. Wale mabwana tutaonana nao tarehe tisa.