Pacha wa Pili Hayumo

Ndugu, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, familia imenituma mimi dada yake niwasomee maisha ya mdogo wetu, mliyezoea kumwita Nakala, kwa kuwa badala ya salamu alimuuliza kila mtu kama ameweka nakala ya kazi yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu, mbishi tangu tumboni, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1979, na tarehe 2 Februari 1982 akaajiriwa kuwa karani wa masjala katika kliniki ya mama na mtoto. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na muuguzi wa hapo hapo, wakajaliwa watoto watatu.

Kompyuta ya mezani ilipoletwa mwaka 1998, kanzidata ya chanjo ilimtoa jasho, faili lilivimba, lilijifunga wauguzi wawili wakilifungua pamoja, mtoto mmoja aliandikwa mara tatu, basi akajifundisha mwenyewe, akatunga programu za kulibana faili na kulinakili kila Ijumaa bila kuguswa na mtu, nasi tukajivunia. Tarehe 7 Machi 2003 aliongeza nyingine ya kufuta waliojirudia, ikilinganisha jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, akasahau kwamba duniani kuna kurwa na doto, ikamfuta kila pacha wa pili, na Ijumaa iliyofuata nakala mpya ikaifunika ile ya zamani.

Tarehe 19 Machi mama mmoja, fundi cherehani, alileta mapacha wake wa miezi tisa kwa sindano ya surua, kadi zao zimepotea, marehemu akaitwa, akatazama kioo, akasema kwa mdomo wake kwamba huyu wa pili hayumo, mama akatafute kadi kwanza. Alasiri hiyo hiyo aligundua kosa. Waliofutwa walikuwa arobaini na mmoja, akawafuata mlango kwa mlango na daftari la uzazi mkononi, wakapatikana arobaini, ila yule pacha wa pili wa fundi cherehani, binti, mama yake alikuwa amehama. Wenzake walimwambia yaliyopita si ndwele, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aliulizia kwa mafundi cherehani wa kila mtaa kwa miaka ishirini na moja, hata wifi yangu akachoka kumsihi.

Alianza kuugua figo Januari 2023, akafariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, na siku mbili kabla alikuwa amemtuma mwanawe kwenye mtaa ambao yeye hakuwahi kuufikia. Hakuambulia kitu.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia, majirani waliotufungulia nyumba zao, na wafanyakazi wenzake waliomstahimili. Na kama kuna anayemjua binti huyo, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2002, hatuna la kumdai, tunaomba tu kujua kama ile sindano aliipata. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kama utaweza.