Bwana Misitu Aliyegawa Miche Harusini Kwake

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi nyote mliofika mmevaa viatu vya soli nene kama tangazo lilivyowashauri, familia imemteua shemeji wa marehemu, yaani kaka wa mjane, fundi wa pancha wa pale njia panda, awasomee historia hii, na ingawa wapo walionong'ona kwamba fundi wa pancha hawezi kumsema vibaya mtu aliyemletea riziki kwa miaka arobaini, yeye ameahidi kusema yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa stesheni na mama mshonaji, siku ambayo upepo wa mchanga ulivuma tangu alfajiri, hata inasemekana mkunga alimpangusa mchanga kabla ya kumpangusa kitu kingine chochote. Alisoma shule ya msingi mwaka 1960 hadi 1967, ambapo darasa lao lilihamishwa mara mbili baada ya mchanga kufunika madirisha, na hapo ndipo alipoapa kwamba akiwa mkubwa atashughulika na mchanga huo yeye mwenyewe. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha misitu mwaka 1972, akahitimu mwaka 1974 kwa daraja la pili, ingawa mwenyewe alizoea kusema la kwanza, na leo hatuna sababu ya kubishana naye.

Aliajiriwa kuwa bwana misitu tarehe 2 Januari 1975, na kwa miaka saba kila mche alioupanda ulikauka kabla hajafika nyumbani na baiskeli yake, mpaka mwezi Mei 1982 ilipofika ofisini mifuko ya mbegu kutoka ng'ambo, pamoja na barua iliyoeleza kwamba mti huu hauhitaji maji, hauhitaji matunzo, na ukame hauuwezi. Barua ile ilisema kweli tupu, ila ilisahau kutaja kwamba hakuna kingine chochote kinachouweza.

Tarehe 9 Oktoba 1982, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na dada yake fundi wa pancha, na kwa furaha aliyokuwa nayo alimpa kila mgeni mche mmoja ndani ya kopo la maziwa, miche mia moja na ishirini, kisha wote wakapigwa picha wameikumbatia kama watoto wachanga. Ndiyo maana mpaka leo mti huo hapa kwetu unaitwa Bwana Harusi, na mtu akichechemea, haulizwi amechomwa na mwiba gani.

Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na tusiwe wachoyo wa fadhila, watoto hao walikua bila kufukua mlango kila asubuhi, kwa sababu katika miaka minne Bwana Harusi aliuzuia mchanga, akaleta kivuli pasipokuwa na kivuli, akawapa akina mama kuni nyuma ya nyumba, na marehemu akapewa cheti na baiskeli mpya, akawa anatembea kifua mbele.

Lakini mbuzi nao waliyapenda maganda yake matamu, wakayala, wakaenda kuzisia mbegu kwa kinyesi chao kila walikopita, na kufikia mwaka 1995 njia ya mtoni ilikuwa imezibwa, malisho yamemezwa, na kila baiskeli inatembea kwa kubahatisha, hali iliyomwezesha shemeji, aliyeanza na pampu moja, kujenga nyumba ya matofali, jambo analolikiri hapa mbele yenu kwa aibu kiasi. Sukari ya maganda yale iliwaozesha mbuzi meno, na kati ya mbuzi kumi na wawili ambao mke wa marehemu aliachiwa na mama yake mzazi, kumi na mmoja walikufa njaa huku wamesimama katikati ya majani, akabaki mmoja tu, aliyeitwa Kibogoyo. Kuanzia tarehe 3 Juni 1997 dada aliacha kabisa kusema na mumewe, na watoto wakageuka kuwa posta ya humo ndani.

Mwezi uliofuata wanakijiji waliunda kamati, wakaja nyumbani kudai bwana misitu awaombe radhi, naye akawaonyesha picha ya harusi ukutani, ambamo mwenyekiti wa kamati, akiwa bado na nywele, amekumbatia makopo mawili. Walikunywa chai wakaondoka, marehemu ameshinda hoja, ila alipogeuka alimkuta mkewe mlangoni ameshika kamba ya Kibogoyo, wanamtazama wote wawili. Siku hiyohiyo aliishusha ile picha, akaazima mashine ya kusaga, akasaga maganda pamoja na mbegu zake zisipate kuota tena, akawa anamlisha Kibogoyo unga ule kwa kiganja, asubuhi na jioni, mpaka tarehe 20 Aprili 1998 Kibogoyo alipozaa mapacha, na dada akatamka neno lake la kwanza baada ya miezi kumi na nusu, akauliza kwa nini unga wenyewe ni mdogo hivyo.

Tangu hapo marehemu aliwafundisha majirani kusaga maganda, kuchoma mkaa, kutundika mizinga ya nyuki, na kung'oa miche pamoja na mizizi, kazi aliyoifanya kila siku kabla ya chai, hata baada ya kustaafu tarehe 14 Machi 2012.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu, akatibiwa, akarudi kung'oa, mpaka alipolazwa Jumapili iliyopita, na familia inaomba ieleweke kwamba hakuuawa na mwiba, kwani daktari amethibitisha kuwa ule wa kisiginoni ulikuwepo tu. Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, alimwuliza mkewe kama amemsamehe wale mbuzi, naye akamwambia anywe dawa kwanza, maneno baadaye. Akanywa, akalala, na saa tatu asubuhi akafariki, jibu bado hajalipata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru majirani waliokata njia kwa mapanga siku mbili ili jeneza lipite, wakiongozwa na yule yule mwenyekiti, na tunamshukuru seremala aliyelichonga jeneza kwa mbao za Bwana Harusi, akavunja misumeno mitatu, ndiyo sababu ya kuchelewa kwetu. Wafanyakazi wenzake wa idara ya misitu waliokuja na miche ya kupanda kaburini tunawashukuru kwa moyo, na miche hiyo imesharudishwa kwenye gari lao.

Mwisho, dada ameagiza jibu lake lisomwe hapa, kwamba alimsamehe siku ile ya mapacha, alitaka tu aendelee kumbembeleza, na angejua dawa ile ni ya mwisho angeanza na maneno.

Lala salama, bwana misitu, na huko ulikotangulia usipande kitu chochote mpaka mkeo afike.